Nimepata 595 ya GMAT, nirudie au nitume hivohivo?

Mhasibu_Kachoka:
Wakuu habari za wikiendi. Jana nimefanya GMAT, ule mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara (MBA), hapa Dar nimetoka na 595. Quant (hesabu) 83, Verbal (kusoma na kupima hoja kwa Kiingereza) 80, Data Insights (kuchambua takwimu na majedwali) 75. Kwa wasioujua, huu wa sasa ulioanza Novemba 2023 alama zake ni kuanzia 205 mpaka 805, sehemu tatu, kila moja dakika 45, na zile habari za kuandika insha hazipo tena. Mi nlikuwa nalenga 645 manake inahesabika kama 700 ya zamani, na kwenye majaribio ya nyumbani wiki iliyopita tu nlipata hiyo 645, nikajua kazi imeisha.

Kilichoniua ni Data Insights. Niliiweka mwisho, mapumziko sikuchukua, nikaona dakika 10 za nini wakati moto umeshawaka, nikaingia kichwa kimechemka, ikaja ile ya kusoma vyanzo vitatu, baruapepe mbili na jedwali, na mi mhasibu nikaanza kupitia mstari kwa mstari kama nakagua vocha za ofisi, kuja kushtuka zimebaki dakika nne na maswali sita. Nikabofya bofya tu.

Sasa nataka kuomba MBA INSEAD, ile shule ya biashara ya Ufaransa, na Oxford, tarehe ya mwisho ninayoilenga ni wiki sita kutoka leo. Nina miaka 31, saba kati ya hiyo nipo taasisi ya mikopo midogo. Hela ya ada sina, bila skolashipu hakuna safari. Na huu mtihani peke yake umenikata zaidi ya laki sita, mume wangu ananiangalia tu hasemi kitu, na akinyamaza hivyo ndo mbaya zaidi. Nirudie au niweke nguvu kwenye zile insha za maombi ya shule nitume hiyohiyo 595? Nawasilisha.

Kaka_wa_Mbezi:
Rudia mkuu, hata usijiulize. Umepiga 645 nyumbani ukaja 595 kituoni, hiyo ni presha tu. Kisheria unasubiri siku 16 unakaa tena, na unaruhusiwa mara tano ndani ya miezi 12. Alafu shule wanaona matokeo yale tu unayowatumia wewe, hiyo 595 ikae kwako huko haimdhuru mtu. Mi nlirudia mara mbili. Safari hii anza na Data Insights akili ikiwa mbichi, mpangilio wa sehemu unachagua mwenyewe, na hayo mapumziko chukua, unywe maji, uende chooni, hakuna medali ya kutokwenda chooni.

Mkenya_wa_Ngong:
Pole sana, lakini mimi naona tofauti kidogo na huyo bro. Wiki sita ukitoa nne za kusoma tena, insha utaandika lini? Na wale wa kukuandikia barua za mapendekezo, bosi wa kwetu huku ukimpa wiki mbili anakuandikia kurasa nusu imejaa "she is hardworking" basi. Miaka saba ya mikopo midogo ni stori wengine hawana, unajua mama wa sokoni analipa mkopo vipi na anashindwa lini, nusu ya darasa hawajawahi kuona hiyo kitu. Kuingia unaweza ingia na 595 kama mengine yako sawa. Shida ni skolashipu, hapo ndipo alama inageuka kuwa pesa, kwa sababu wanaoshindania hizo ni watu walewale wenye alama kubwa. So kama ungekuwa unajilipia ningesema tuma. Kwa hali yako hmm.

Bibi_Takwimu:
Mwanangu kabla hujalipa laki sita nyingine nijibu swali moja. Hiyo 645 ya nyumbani ulikuwa unafanya jaribio hilo kwa mara ya ngapi?

Mhasibu_Kachoka:
@Bibi_Takwimu dah. Mara ya pili. Yale majaribio rasmi ya bure yapo mawili tu, nikayarudia yote. Mara ya kwanza nlipata 585 na 605. Ila mara ya pili sikukumbuka majibu jamani, labda machache.

Bibi_Takwimu:
Machache yanatosha. Huu mtihani unajirekebisha kadri unavyojibu, ukipatia unaletewa gumu zaidi, sasa maswali matano sita uliyowahi kuyaona yanakupandisha ghorofa ambayo sio yako na hapohapo yanakuokolea dakika, ndo maana nyumbani Data Insights ulimaliza na kituoni ukabofya bofya. Chukua 585 na 605, katikati yake ni ngapi? 595. Siku yako haikuharibika hata kidogo, umepata kilekile ulichokuwa nacho. Nakwambia hivi sikuvunji moyo, nakuzuia usikae tena baada ya siku 16 ukaja hapa na 605 unalia.

La pili, unailaumu Data Insights peke yake kwa sababu 75 inaonekana ndogo kwa macho. Dunia nzima wanapata kidogo pale. Angalia karatasi yako ya matokeo kwenye safu ya asilimia, ile inayosema umewapita watu wangapi kati ya mia, utaona hiyo 75 inakaa jirani kabisa na Verbal 80 yako, zote katikati ya watu. Quant ndo iko juu. Na sehemu zote tatu zina uzito sawa kwenye jumla, kwa hiyo Verbal inakuvujia vilevile, ila yenyewe inavuja kimyakimya kwa sababu ulimaliza ndani ya muda ukaridhika.

Mhasibu_Kachoka:
Nimefungua saa hizi. Ni kweli bibi. Zimepishana padogo sana. Nimeishiwa maneno.

Kaka_wa_Mbezi:
Ok hapo kwenye kurudia majaribio nimenyoosha mikono, sikuuliza. Ila bado narudi palepale, arudie, tubishane siku tu. Na mkuu maswali sita usiyaache hivyo, Data Insights ni maswali 20 kwa dakika 45, unapata dakika mbili na robo kila moja, ile ya vyanzo vitatu ikikaba bofya chochote weka alama usonge, mwishoni unaruhusiwa kurudi kubadilisha majibu matatu kwa kila sehemu. Tena yale ya vipengele vitatu ukikosea kimoja umekosa swali zima, sasa unang'ang'ania nini.

Mkenya_wa_Ngong:
Umefikiria GRE, ule mtihani mwingine wa kuombea uzamili? INSEAD na Oxford zote zinakubali. Haifiki masaa mawili, na kwenye hesabu kuna kalkuleta, GMAT kalkuleta ni Data Insights pekee.

Bibi_Takwimu:
GRE inataka misamiati ya Kiingereza ile ya kukariri. Mtu ambaye Verbal ndo inavuja na Quant ndo ngao yake umpeleke huko? Labda afanye jaribio moja la bure aone mwenyewe, asubuhi moja tu.

Mhasibu_Kachoka:
Nimelala na hili siku mbili. Kwanza mi ni dada, @Kaka_wa_Mbezi mkuu mkuu imezidi. Pili nimeamua hiyo tarehe ya wiki sita naiacha ipite. INSEAD wanaingiza watu mara mbili kwa mwaka, Januari na Agosti, nikichelewa muhula mmoja sijafa. Nasoma miezi mitatu, asubuhi kabla ya daladala dakika 50 Verbal tupu, jioni naandika daftari la makosa, sio jibu sahihi lilikuwa lipi bali kwa nini lile baya lilinivutia. Leo nimeanza, makosa nane kati ya kumi na moja ni kitu kilekile, nachagua jibu ambalo ni kweli duniani ila kwenye kifungu halijasemwa. Uhasibu umeniharibu. Jaribio lingine nitalinunua ambalo sijawahi kuligusa, nalifanya mara moja, likinipa chini ya 635 silipii kituo. Na insha naanza sasa hivi polepole.

Mume nimemwambia. Kasema "miezi mitatu sio mingi", akarudi kwenye mpira.

Kuna mtu ana kitabu rasmi cha mazoezi anauza? Hali yoyote.

Kaka_wa_Mbezi:
Ninacho dada, elfu thelathini, kiko safi kabisa.

Bibi_Takwimu:
Kina jiometri ndani?

Kaka_wa_Mbezi:
Kinayo sura nzima nzuri tu.

Bibi_Takwimu:
Hicho ni cha mtihani wa zamani, jiometri ilishaondolewa. Mpe bure akatoe Quant za algebra.