Wakuu, HR (bosi wa rasilimali watu) mpya kaja na mashine ya vidole, kiwanda kizima kimenuna

Unga_Mweupe: Wakuu salama? Mi supavaiza wa shifti ya usiku kiwanda cha mikate hapa Dar. HR wetu wa zamani alikuwa mama mmoja mtu wa watu, ukifiwa anakuja msibani mwenyewe, ukikwama unapewa advansi, sasa kastaafu kaja kijana na mashine ya vidole, ukichelewa dakika kumi unakatwa, kila mtu ana tageti ya kreti, na kwenye mkutano katuita "gharama". Juzi dogo wangu mmoja kafiwa na mama yake, karudi baada ya siku nne anakuta zote zimekatwa. Siwezi kudanganya, uzalishaji umepanda kidogo, ila wachomaji wawili wazoefu washaacha kazi. Hii ndo HR ya kisasa au?

Kidato_Cha_Usiku: Chuo tunafundishwa kuna HR ngumu na HR laini mkuu, na zote zilitoka Marekani mwaka 1984. Ngumu ni ya Chuo Kikuu cha Michigan, mtu ni rasilimali kama unga na dizeli, unamchagua, unampima, unamtuza, unamwendeleza, yote kufuata mkakati wa kampuni. Laini ni ya Chuo Kikuu cha Harvard, mfanyakazi na chama chake nao wana sauti. Huyo wako ni Michigan.

bintiTandika: Michigan wapi, roho mbaya tu hiyo 😂 si umesema kuna kutuza na kuendeleza? Yeye kachukua kupima peke yake.

Fundi_Mstaafu: Vijana, hukohuko jimbo la Michigan kulikuwa na Ford, yule wa kiwanda cha magari. 1913 aliajiri watu zaidi ya 52,000 ili tu abaki na kama 14,000, maana walikuwa wanaacha kila siku. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, mara mbili ya mwanzo, na saa zikashuka toka 9 hadi 8, watu wakatulia. Sasa msije mkadhani ni huruma, sehemu kubwa ya hiyo hela ilikuwa bonasi yenye masharti na alituma wakaguzi mpaka majumbani kuangalia nani mlevi nani mchafu. Ulaini wake ulikuwa hesabu. Mwambie HR wako apige hesabu ya kumfundisha mchomaji mpya, na mikate itakayoungua akijifunza.

Da_Mwanasheria: Hayo ya ngumu na laini wekeni pembeni kwanza. Huyo dogo kama ana zaidi ya miezi sita kazini, Sheria ya Ajira ya 2004 kifungu cha 34 inampa angalau siku 4 za likizo YENYE MALIPO akifiwa na mzazi. Aandike barua abaki na nakala, wakigoma aende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

Unga_Mweupe: Da asante sana, barua tunaiandika leoleo kabla ya shifti. Mzee wa Ford nimekuelewa ila hiyo stori simpelekei HR, huyu atachukua ile ya kukagua mageto yetu dola 5 aziache.