Mafundi umeme wa Tanga, tupeane uzoefu: ulipoanza kujitegemea ilikuwaje?

Asubuhi nanunua mihogo pale Kange, akapita kijana na baiskeli, ngazi ya mbao kaifunga ubavuni kwa mpira wa tyubu, testa ya kupimia umeme imechomoza mfuko wa shati. Nikacheka peke yangu hadi muuza mihogo akanitazama. Mimi huyo, mwaka 2011, natoka Makorora kwenda Sahare kubadilisha holda moja ya taa kwa shilingi elfu mbili. Na baiskeli yenyewe ya kuazima.

Nilikuwa nimeondoka kwa bosi kwa hasira, nikijua nikijiajiri hela yote yangu. Wiki tatu simu haikuita. Ilipoita alikuwa mama, anauliza kama nimekula. Haya, nanyi mwageni.

Fundi wa Mikanjuni
Umenikumbusha mbali shekhe. Kazi yangu ya kwanza nilitoa bei kwa chumba. Mwenye nyumba akajibu "sawa fundi" mbiombio, hapo hapo nilitakiwa nishtuke. Kila akija site anaongeza: hapa soketi ya friji, pale taa ya geti, dada naye anataka pa kupigia pasi. Chumba kilekile, bei ileile. Nilitindua ukuta wa tofali za saruji hadi viganja vikatoka malengelenge, na nyumbani nilirudi na hela ya dagaa. Tangu hapo nahesabu pointi. Taa ni pointi, soketi ni pointi, ukibadili mawazo nayo ni pointi.

Kondakta Mstaafu
Kweli tupu.

Bi wa Chuda
Na sisi wateja turuhusiwe kusema? Fundi alichukua hela ya waya na sakiti breka, akaniambia "naenda dukani narudi sasa hivi, hata chai usiifunike." Chai ikapoa, mwezi ukaandama. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, kumbe ni nyie mafundi.

Fundi wa Mikanjuni
Pole dada. Dawa yake ni moja, fundi akuandikie orodha, ununue mwenyewe.

Waya Mbili Nukta Tano
Usimdanganye. Mteja akinunua mwenyewe anakuletea waya wa bei ya kutupa, juu rangi ya shaba, ndani aluminiamu. Ukiupinda mara mbili unakatika. Anautundikia jiko na friji, ukiungua lawama ya nani? Mimi nanunua mwenyewe, risiti naleta.

Bi wa Chuda
Risiti gani, mbona nazo mnaandikiana?

Pongwe Yetu
Mimi ni saa sita usiku. Mzee mmoja wa Duga anapiga: "Mwanangu, nyumba nzima giza, njoo upesi kuna mgonjwa." Nikapiga pedeli kutoka Pongwe na mvua juu. Kufika nikatazama mita ya LUKU, ile ya kulipia kabla. Uniti zimeisha. Nikamnunulia za elfu mbili kwa simu yangu na hajanirudishia mpaka leo. Shikamoo yake naitoa hivyohivyo.

Bluu
Sikutaka kuandika, lakini aliyetaja testa mfukoni kanichokoza.

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nianze kujitegemea. Nikaitwa Ngamiani kwenye harusi, nitoe umeme wa taa za uani na wa vyombo vya taarabu. Nyumba ya zamani, nyuma palikuwa na mashine ya kukoboa, kwa hiyo umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye moto. Nikafungua boksi, nakuta waya nyekundu, njano, bluu na nyeusi. Sasa mimi darasani nilifundishwa rangi mpya: kahawia laivu, yaani waya wenye moto, bluu nyutro, waya wa kurudisha umeme. Nikachukua nyekundu, nikaweka testa, ikawaka. Nikachukua bluu kuwa nyutro. Testa sikuigusisha. Ningeigusisha ingewaka, maana kwenye rangi za zamani bluu ni fezi ya tatu, nyutro ilikuwa ile nyeusi niliyoiacha pembeni.

Kwa wasio mafundi: badala ya 230 nilipeleka volti 400.

Uani kumejaa akina mama, udi unafuka, madera yamefanana. Nikapandisha swichi. Taa zikawaka nyeupe, nyeupe ajabu, watu wakapiga vigelegele, nami kwa sekunde moja nikajiona fundi wa mji mzima. Sekunde ya pili balbu ya kwanza ikapasuka juu ya sinia la biriani. Kisha ya pili, ya tatu, zinafuatana kama fataki. Amplifaya ikanguruma ikanyamaza. Mpiga kinanda akanyanyua mikono yote miwili juu, na moshi unapanda katikati ya vidole vyake. Friji ya soda nayo ikafa.

Sikukimbia. Si ushujaa, mjomba wa bibi harusi alishanikamata ukosi.

Niliuza dril na baiskeli, kinanda nikakilipa kwa miezi minane. Lakini lililoniuma si hilo. Wale akina mama hawakulala. Bibi mmoja akaagiza ngoma, wakakaa kwa taa ya chemli, na kabla ya alfajiri nilishatungiwa wimbo. Fundi kaja na bluu, katuachia majivu. Niko jikoni nimewekwa chini ya ulinzi, nasikia ubeti hadi ubeti. Ndiyo jina langu hadi leo, wengine hawajui nilipewa jina gani na baba.

Mwali wa Ngamiani
SUBHANALLAH NDIYE WEWE?! Nilikuwepo, nina miaka tisa! Vipande vya balbu tulivila kwenye wali!

Kondakta Mstaafu
Wimbo bado unaimbwa, yakhe. Juzi tu Msambweni nimeusikia.

Bluu
Najua. Mke wangu anaujua wote.

Mkaguzi wa Moyo
Mnacheka, lakini huu ndio ukishoka wenyewe, ufundi wa bila kibali. Leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, haikuwekwa kwa mapambo. Mtu hajui rangi za waya anaingia kwenye fezi tatu!

Waya Mbili Nukta Tano
Wewe ulizaliwa na leseni? Leseni wanataka cheti na uzoefu, uzoefu unautoa wapi kama hupewi kazi? Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nafanya wiring mwenyewe, fomu ya kuombea umeme napeleka kwa mkandarasi anigongee muhuri kwa hela. Nyumba yenyewe hata hajui iko mtaa gani.

Mkaguzi wa Moyo
Umekiri mbele za watu.

Waya Mbili Nukta Tano
Sasa ninayo leseni, njoo unikague. Ukinipata na kosa nakupikia pweza.

Fundi wa Mikanjuni
Jamani. Muda ule wa umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, kuunganishwa kijijini shilingi 27,000, nilikwenda Muheza nikakuta mama kaniwekea 27,000 mezani, anataka wiring ya nyumba nzima humo humo. Anasema serikali imetangaza. Nilieleza hadi koo likakauka, hiyo ni ya kuleta umeme nyumbani, ya ndani ni wewe na fundi wako. Akanipa machungwa nikaondoka.

Sahare Baharini
Mimi langu si la kucheka. Ethi rodi, ile nondo ya kuzika ardhini ili umeme ukivuja ushuke chini. Huku kwetu ukichimba kidogo unakutana na jiwe la matumbawe. Nikapiga nyundo, imeingia futi moja na nusu ikagoma. Jua limezama, mwenye nyumba anataka nimalize. Nikakata kwa msumeno ile iliyobaki, nikafunga waya, nikafukia. Hakuna aliyeona. Miezi sita mbele mama yake akashika friji kwa mikono ya maji, ikampiga akaanguka. Hakufa, alivunjika mkono. Nilikwenda usiku na sururu, nikachimba sehemu nyingine nyuma ya choo mpaka nikapata udongo, nikazika rodi nyingine nzima, na breka ya kukata umeme ukivuja nikafunga kwa hela yangu. Mwenye nyumba alidhani nimekuja kwa wema.

Bluu
Ulimwambia?

Sahare Baharini
Nawaambia nyie.

Dogo wa Usagara
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza chuo cha ufundi VETA mwaka huu, nina koleo, testa na bisibisi mbili. Nianze na nini?

Pongwe Yetu
Mita ya kupimia kabla ya dril.

Waya Mbili Nukta Tano
Dril kwanza. Mita utaazima.

Kondakta Mstaafu
Oa mwenye mshahara.

Bluu
Kaa na fundi mzee mwaka mmoja. Ukipewa harusi, kataa.

Bi wa Chuda
Wewe Bluu, uko wapi saa hizi? Soketi ya jikoni inanuka plastiki tangu mchana.

Bluu
Zima meni swichi sasa hivi, usiiguse soketi. Naja.

Bi wa Chuda
Nimezima. Nikutumie hela ya vifaa?

Bluu
Usinitumie, dada. Tutakwenda dukani pamoja.