Ati hisabati si leso! Nimetukanwa leo na bwana yule mnayemjua

Ndugu zangu, ninaandika haya nikiwa bado sijaivua leso, yaani kanga, niliyokwenda nayo shuleni kuuliza kama mwanangu anaweza kubadilisha hisabati anayosoma, kwa sababu nikingoja hasira ipoe nitasahau nusu ya niliyofanyiwa. Bwana mwenyewe mnamjua, na sina haja ya kumtaja. Kila mzazi aliyewahi kuzipanda zile ngazi hadi idara ya hisabati amemkuta pale, kalamu tatu mfukoni, na mbele yake kikombe cha chai ambacho hakijaisha tangu Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa 1498.

"Hisabati si leso, mama, uibadilishe kila jioni."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia, mbele ya walimu sita, karani mmoja, na mwanangu mwenyewe aliyekuwa amesimama nyuma yangu ameshika daftari.

Mwanangu yuko Gredi ya 10, katika kundi la kwanza kabisa la sekondari pevu. Watoto hawa waliambiwa wachague mikondo, yaani makundi ya masomo, mwaka 2025 wakiwa Gredi ya 9, kabla hata hawajaufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi hiyo, na wangu akachagua Sayansi za Jamii kwa sababu ndiko walikokwenda rafiki zake wote. Nani asiyejua jinsi mtoto wa umri ule anavyochagua? Mkondo huo ukamletea ile hisabati ambayo mtaani kwetu tunaiita nyepesi, na ile nzito wakapewa wa mkondo wa sayansi. Matokeo yalipotoka, hisabati alipata EE2, yaani pointi 7 kati ya 8. Wakati huo alikuwa radhi na alichokichagua, nami sikumsumbua.

Likizo ya Aprili alikwenda kukaa kwa mjomba wake, ambaye amefanya kazi kwenye boti za kuvuta meli bandarini kwa miaka mingi. Mjomba akamweleza jinsi rubani anavyotoka kuilaki meli ngeni baharini, akaipanda kwa ngazi ya kamba, akamwongoza nahodha kupita mlango wa miamba mpaka Kilindini. Akamweleza pia kwamba meli iliyoelekezwa kaskazini huku maji yakiisukuma kutoka ubavuni haifiki kaskazini, na kwamba kujua itakapofika ni hesabu. Mtoto alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Anataka urubani wa meli, na hazungumzi jingine. Aliazima daftari la mwenzake wa mkondo wa sayansi, akakuta humo logi na vekta ambazo kwake hazimo, akakesha usiku tatu akizinakili. Mimi mama yake nilimwona kwa macho yangu saa nane za usiku, taa ya simu imeegemezwa kwenye sufuria.

Leo basi nikafunga meza yangu ya mahamri mapema, nikavuka kivuko cha Likoni, nikapanda matatu mbili, nikafika shuleni nikiwa na leso mabegani kama anavyotembea mwanamke yeyote wa mji huu mwenye heshima zake. Nilikuwa na maswali matatu tu. Je, kuna fomu ya kubadilisha? Nani anayeitia sahihi? Na mtoto akikubaliwa, atapewa muda gani wa kuwafikia wenzake? Sikuomba apendelewe, na sikudai jibu liwe ndiyo. Angeniambia haiwezekani, nafasi zimejaa, ningeshukuru, nikarudi kwa mahamri yangu.

Hakuniambia haiwezekani. Aliinua kichwa, akaitazama leso yangu, akaitazama tena kutoka upindo hadi upindo, ndipo akasema kwamba hisabati si leso. Walimu wakacheka kicheko ambacho nina hakika kilisikika Mtongwe. Karani aliangusha mhuri. Mwanangu akainama, na tangu hapo mpaka tumeshuka feri hakunena neno hata moja.

Mwaka huo huo wa 2025 wakubwa walitangaza kwamba hisabati haitakuwa lazima kwa mikondo yote, nchi ikapiga kelele, wakarudi wakasema ni lazima kwa mikondo yote mitatu, kisha wakaigawa kuwa mbili. Waliigeuza hivyo kabla mtoto hata mmoja hajaketi darasani. Bwana huyu hakuwaambia wao kwamba hisabati si leso. Amemngoja mama muuza mahamri ndipo akaupata ulimi.

Laiti angenitazama usoni! Aliitazama leso, ndugu zangu. Mbele ya mwanangu.

Jirani wa Mikindani
Pole sana, dada yangu. Bwana huyo namfahamu vizuri. Mke wangu alipokwenda kuuliza kwa nini mtihani wa mtoto haujasahihishwa, aliambiwa kwamba maembe hayaivi kwa kutazamwa. Kila mzazi ana methali yake kwake, na hakuna aliyewahi kupata jibu.

Kijana wa Tudor
Bi mkubwa, nimesoma yote mpaka mwisho, na sasa ninaijua leso yako kuliko ninavyoijua shida ya mtoto. Hebu tuambie basi, leso yenyewe ilikuwa na jina gani?

Mwenye uzi
Ukitaka kujua, jina lake ni "Usisafirie nyota ya mwenzio", na niliichagua makusudi, kwa sababu mwanangu alichagua mkondo kwa kufuata nyota za wenzake na leo anataka kufuata yake. Bwana yule alilisoma jina lote, nikayaona macho yake yakipita neno kwa neno, na bado akasema aliyoyasema.

Mwalimu mstaafu, Kisauni
Dada, nimefundisha hisabati miaka mingi, naomba nisikizwe. Maneno yale yalikuwa ya utovu wa adabu na hayana utetezi. Hata hivyo, kama kijana anataka kuhamia mkondo wa sayansi, habadilishi hisabati peke yake. Masomo yake matatu ya kuchagua yatabadilika, na fizikia na kemia darasa limezianza tangu Januari. Logi unaweza kuzinakili kwa usiku tatu, lakini kuzielewa ni jambo jingine. Mtihani wao wa mwisho ni 2028, kwa hiyo muda upo, ila kila wiki inayopita inamwongezea deni. Mwandikie barua mwalimu mkuu kesho asubuhi, ueleze maswali yako matatu, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokewa.

Mwenye uzi
Barua nitaiandika, mwalimu, ahsante. Lakini mhuri anao karani yule yule aliyeuangusha kwa kucheka.

Baba wa Changamwe
Afadhali wewe uliyetukanwa, maana angalau ulisemeshwa. Mwanangu mimi alikuwa mkondo wa sayansi, alichaguliwa huko kwa alama zake, nikanunua kila kilichoandikwa kwenye orodha, pamoja na kitabu cha majedwali ya hisabati. Baada ya jaribio moja tu alilofanya akiwa na malaria, nikasikia kutoka kwa mtoto mwenyewe kwamba amehamishiwa hisabati nyepesi. Sikupigiwa simu, sikuitwa, sikuonyeshwa karatasi. Walimshusha kama mzigo unavyoshushwa gatini. Hilo ndilo la kufunguliwa uzi.

Zao la 8-4-4
Mnalia kana kwamba mambo haya yameanza jana. Sisi wa mtaala wa zamani tulikuwa na Hisabati Mbadala A, namba 121, na Mbadala B, namba 122. Mimi nilisajiliwa B bila kuelezwa tofauti yake, nikapata alama nzuri, tukachinja mbuzi nyumbani. Nilipokipeleka cheti nilikotaka kusoma ufundi wa umeme, nikaambiwa pale wanataka A. Mbuzi alikuwa ameshaliwa.

Jirani wa Mikindani
Baba wa Changamwe, kama mtoto alikuwa na malaria na una karatasi ya zahanati, wewe una haki kubwa kuliko sote hapa. Nenda nayo.

Baba wa Changamwe
Karatasi ninayo, na Jumatatu ninakwenda. Nitavaa suruali na shati, nione atasema hisabati si nini.

Kijana wa Tudor
Chunga asiseme si shati.

Mama Pacha, Bamburi
Samahani kwa kuingilia. Baba wa Changamwe, hicho kitabu cha majedwali bado unacho? Wangu wawili wako mkondo wa sayansi na wanagombania kimoja kila jioni, mpaka kimechanika katikati ya kurasa za logi.

Baba wa Changamwe
Kipo, mama, na hakijaandikwa hata jina. Ngoja nirudi shuleni Jumatatu. Wakimrudisha mwanangu, kitabu ni chake. Wakikataa, njoo ukichukue bure.