Wamefuta kompyuta za shule yetu, wakapiga picha, wakaondoka

Wakuu, salaam.

Nimevumilia tangu Septemba 2025, sasa basi. Nimeandika barua mbili. Nimepiga simu mpaka namba yangu haipokelewi tena. Nimepanda boda kwa nauli yangu mwenyewe kwenda wilayani, kilometa 48 kwenda na 48 kurudi, nikaambiwa: "Mwalimu, mradi wenu ulishakamilika, mlisaini wenyewe." Nauweka uzi huu hapa ili anayehusika ausome, na mzazi mwenye mtoto kwenye shule kama yetu ajue kinachoitwa "maboresho ya TEHAMA" kinafanyikaje huku chini. Simtaji mzabuni wala ofisi iliyomleta. Nina watoto wanaokula kwa mshahara huu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, kata ya pembezoni, Iramba mkoani Singida. Wanafunzi 187, walimu sita pamoja na mwalimu mkuu. Mwaka 2019 tuliletewa na wafadhili kompyuta nane za mezani zilizokwisha kutumika, RAM GB 2 kila moja. Kwa mtu wa mjini ni chuma chakavu. Lakini yule kijana aliyekuja kuzifunga alikuwa anajua kazi na anajua shule. Aliziwekea Lubuntu, aina nyepesi ya Linux (mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows) inayokimbia vizuri kwenye mashine dhaifu. Akaweka GCompris, michezo ya kujifunzia kwa ajili ya watoto wadogo, akaweka Tux Typing ya kujifunzia kuchapa, akaweka Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya programu ya Kiwix, mtoto anafungua makala bila intaneti. Akakaa nasi siku tatu akinielekeza, akaniachia flashi yenye kila kitu. Miaka sita zile kompyuta hazikuwahi kudai bando hata la shilingi mia tano. Zilidai umeme tu, na LUKU ikiisha tunachangishana.

Nataka mwelewe watoto walikuwa wanafanya nini na hizo kompyuta, maana huko juu wanadhani tulikuwa tumezifunika vitambaa.

Mwaka 2022 tulianza kazi moja na darasa la tano. Kila mtoto aende nyumbani, akamwombe bibi au babu hadithi moja kwa Kinyiramba, aje aichape kwa Kinyiramba, halafu aiandike kwa Kiswahili chini yake. Somo la Kiswahili hilo, TEHAMA hiyo. Tukawa tunahifadhi kwenye kompyuta namba 3, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na diski nzima kuliko zote. Kila darasa la tano lililofuata likaongeza zake. Mpaka Septemba tulikuwa na hadithi 112. Kulikuwa na binti mmoja ambaye bibi yake alimsimulia habari za wavuvi wa Ziwa Kitangiri enzi za ujana wake. Alichapa kwa vidole viwili, wiki tatu nzima, kila mchana akibaki baada ya kipindi, ukurasa mmoja na nusu. Bibi huyo alifariki mwaka uliofuata. Nilimchapishia ule ukurasa, wakausoma msibani. Huo ukurasa ndio umebaki.

Sasa Septemba.

Tukapewa taarifa ya siku mbili kwamba shule imechaguliwa kwenye maboresho. Tulifurahi, sisemi uongo. Wakaja watu watatu na gari, saa nne asubuhi. Hawakuuliza kompyuta zina nini. Hawakuuliza watoto wanasoma kwa lugha gani. Mimi nilikuwa darasani, nina vipindi kama mwalimu mwingine yeyote. Nilipotoka saa sita nikakuta kompyuta tano zimeshafomatiwa, ya tatu ikiwemo. Nilisimama mlangoni nikamuuliza yule fundi, "Kaka, mafaili ya hii mashine umeyaweka wapi?" Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. Akasema, "Mafaili gani? Hiyo si ilikuwa na Linux?"

Kwake yeye Linux maana yake mashine haina kitu.

Walimaliza saa tisa alasiri. Wakatupangia watoto kumi mbele ya kompyuta zilizokuwa bado zinazunguka kile kiduara cha kuwaka, wakapiga picha, mwalimu mkuu akaletewa karatasi ya makabidhiano yenye mstari unaosema mafunzo kwa walimu yametolewa. Mafunzo hayakutolewa. Mwalimu mkuu alisita. Akaambiwa asiposaini vifaa vinarudi na jina la shule linaandikwa kwamba imekataa mradi. Akasaini. Simlaumu, na atakayemlaumu humu aanze kwa kukaa kwenye kile kiti.

Haya, walituachia nini?

Walituwekea Windows 10 kwenye mashine za RAM GB 2 zenye diski za zamani za kuzunguka. Inawaka kwa dakika saba. Nimepima kwa saa ya ukutani. Ukifungua kivinjari inaganda. Na hii ndiyo inayoniuma kuliko ule uzito: Microsoft yenyewe ilishatangaza muda mrefu kwamba inasitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Sisi tumewekewa Septemba 2025. Yaani tumeboreshwa kwenda kwenye kitu kilichobakiza wiki chache. Windows 11 haipandi, inataka RAM GB 4 kwa uchache na chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine zetu hazina. Kuna mtu amelipwa kuandika mpango huu. Kuna mwingine amelipwa kuupitisha.

Walituachia ruta na laini yenye bando la GB 30, wakasema litatosha muhula mzima. Liliisha siku ya nne. Halikuliwa na watoto. Kompyuta saba (namba 3 niliichomoa diski, nitaeleza chini), kila moja ikiwaka inaanza kushusha masasisho ya Windows yenyewe kimyakimya. Walizifunga zote kwenye ruta moja, hakuna aliyeweka ukomo. Bando la muhula likaliwa na mashine kabla ya watoto wa darasa la tatu kumaliza somo la kwanza. Kuongeza bando ni juu ya shule. Kwa fedha ipi? Ruzuku iliyopangwa tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Zidisha kwa watoto wetu 187 unapata 1,870,000, na hiyo ni kabla ya kuondoa sehemu ya vitabu. Haifiki hata laki mbili kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na dawa za huduma ya kwanza. Kwa hiyo bando ananunua mwalimu. Huwa ni mwalimu. Takwimu za wanafunzi zikitakiwa kwenye mfumo, natuma kwa bando langu, usiku wa manane mtandao ukiwa mwepesi, nimekaa juu ya jiwe nyuma ya choo cha walimu kwa sababu ndipo penye minara miwili.

Halafu programu yenyewe ya kufundishia, hiyo iliyoletwa kwa mbwembwe.

Ni ya Kiingereza tupu. Shule ya msingi ya serikali nchi hii kwa kawaida inafundisha kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo. Mtoto wa darasa la tatu Iramba amekuja shule na Kinyiramba, Kiswahili ndiyo kwanza kinakaa sawa, unamkalisha mbele ya hesabu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nilifungua somo la fedha nikakuta linafundisha kuhesabu sarafu za Marekani. Mtoto aliyetumwa dukani na mia tano akarudi na chenji kamili, anajua hesabu za fedha vizuri sana, pale kwenye kompyuta amekosa maswali yote kumi. Ikatokea alama nyekundu. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, mimi sijui hesabu." Nilishindwa kumjibu haraka.

Haifanyi kazi bila intaneti. Inataka kila mtoto awe na barua pepe yake. Watoto wa miaka minane! Nilijaribu kuwafungulia kwa namba yangu ya simu, baada ya akaunti chache namba ikakataliwa. Inataka jina kamili na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na hakuna mzazi hata mmoja aliyeulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Nimeuliza taarifa hizo zinakwenda kukaa wapi. Hakuna aliyenijibu mpaka leo. Na leseni tulizopewa ni 40, za mwaka mmoja. Watoto 147 wao wakasome wapi?

Kinachonitia hasira kuliko vyote ni kwamba jibu la shule kama yetu lilishatafutwa na likapatikana hapa hapa nchini. Kati ya 2017 na 2019 mkoani Tanga, kwenye vijiji karibu 170, yalifanyika majaribio ya Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vinachajiwa kwa sola, bila kutegemea intaneti wala mwalimu. Karibu robo tatu ya watoto hao walisema hawajawahi kuingia shule. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kundi hilo la wasioweza kusoma hata neno lilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wakawa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Na programu za timu zote tano za fainali zikaachwa wazi, yeyote duniani azichukue bure, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Bure. Kwa Kiswahili. Zimejaribiwa kwa watoto wa Tanga, si wa Ulaya. Vishikwambi tunavyo: vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vikagawiwa kwa walimu. Changu ndicho ninachofundishia sasa hivi, nakishika juu mbele ya darasa watoto wakikinyoshea shingo. Ningekuwa na vitano vya namna hiyo na sola moja, nisingehitaji ile ruta wala zile leseni 40. Fedha ya leseni ingenunua betri.

Kuna watakaosema mwalimu anapinga teknolojia. Miaka sita nimefungua kile chumba kila siku ya shule, nimefuta vumbi kwa shati langu, nimebadilisha feni mbili kwa fedha yangu. Ninachopinga ni mtu kuingia kwenye chumba cha watoto na kufuta kilichomo bila kuuliza.

Ninachodai ni hiki. Yeyote anayeleta mradi wa kompyuta kwenye shule ndogo aje kwanza akae siku moja aone zinavyotumika, na asiguse mashine kabla mafaili hayajahamishwa mbele ya mwalimu. Mzabuni asilipwe kwa picha na karatasi. Arudi baada ya muhula mmoja aone kama zinawaka, ndipo alipwe. Na kama programu haina Kiswahili na haifanyi kazi bila bando, isipelekwe shule ya msingi ya serikali kijijini, hata itolewe zawadi. Kwa shule yetu, nataka ruhusa ya maandishi ya kuzirudisha zile mashine kwenye Lubuntu. Flashi ya yule kijana bado ninayo. Nimeambiwa nikigusa nitakuwa nimeharibu mali ya mradi.

Nina ombi moja la kiufundi, tafadhali wenye ujuzi msilipite. Jioni ile ile ya Septemba, walipoondoka tu, niliichomoa diski ya kompyuta namba 3. Ni ya GB 160, SATA. Walikuwa wameshaweka Windows juu yake, lakini tangu hapo haijawashwa wala kuandikwa kitu chochote, nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya kabati la mitihani. Nimesoma kwamba TestDisk na PhotoRec zinaweza kuokoa mafaili ambayo hayajaandikiwa juu. Sijathubutu kujaribu mwenyewe, naogopa kuharibu kilichobaki. Hadithi zilikuwa faili za maandishi za ODT, kwenye folda moja. Kama kuna mtu amewahi kufanya kazi hiyo kwa mikono yake, awe Singida mjini, Dodoma au hata Dar, aniambie PM. Diski nitaileta mwenyewe, siitumi kwa basi.