DVD ya harusi inacheza kwenye kompyuta lakini deki inaikataa: tatizo ni diski au ni mpangilio wa folda?

mpigavideo_moro

Ndugu zangu, salaam. Ninapiga video za harusi na sendoff hapa Morogoro, na ingawa wateja wengi siku hizi wanachukua kazi yao kwenye flashi, bado wapo wazee wanaotaka DVD ya kuingiza kwenye deki pale sebuleni na kubonyeza kitufe kimoja tu. Wiki iliyopita nilikabidhi nakala 6 za harusi yenye urefu wa saa mbili, na zote zimerudishwa. Deki moja inaonyesha jina la folda kwenye skrini lakini hakuna kinachocheza. Nyingine, ambayo ni ya zamani zaidi, inazunguka kwa muda kisha inaandika NO DISC. Nikifungua faili hizo hizo kwenye kompyuta kwa VLC, picha na sauti ni safi kabisa.

Nilitengeneza menyu kwa programu ya DVDStyler, nikaiagiza initolee folda badala ya kuchoma diski moja kwa moja. Ikanipa folda mbili, VIDEO_TS na AUDIO_TS. Nikaziweka zote ndani ya folda moja niliyoipa majina ya maharusi, na ili mteja aelewe kilichomo nikabadilisha VTS_01_1.VOB ikawa "Kanisani" na VTS_01_2.VOB ikawa "Ukumbini". Nilipoingiza diski tupu, Windows iliniuliza ninataka kuitumiaje; nikachagua itumike kama flashi, kisha nikaiburuta ile folda ndani. Naomba kufahamishwa kosa liko wapi. Pia AUDIO_TS iko tupu: je, sauti ilipaswa kuwekwa humo?

fundi_deki

Ndugu, diski zako hazina kosa. Kompyuta hufungua faili popote itakapoikuta na kwa jina lolote, lakini deki haitafuti. Diski ikishasomeka, deki huenda ngazi ya kwanza kabisa, huangalia kama kuna folda iitwayo VIDEO_TS kwa herufi kubwa, na ndani yake hufungua faili ya VIDEO_TS.IFO. Wewe uliificha folda hiyo ndani ya folda nyingine, kwa hiyo ile deki yenye uwezo wa kusoma diski za data ilikuonyesha majina ya maharusi ikaishia hapo.

Kubadilisha majina ya faili ni kosa la pili, na lingekuangusha hata kama folda ingekaa mahali pake. Faili za IFO ni ramani: zimeandikwa ndani yake kila sura inaanzia sekta ipi, kila kitufe cha menyu kinampeleka mtazamaji wapi, na sauti zipo ngapi. Faili za BUP ni nakala ya ramani hiyo, huwekwa mbali na IFO ili mkwaruzo mmoja usiharibu zote mbili. Filamu yenyewe imo katika VOB, nazo hazikukatwa kwa kufuata matukio. Hukatwa kwa sababu kila moja hairuhusiwi kuzidi GB 1, ndiyo maana filamu moja huwa na VTS_01_1, VTS_01_2 na kuendelea hadi 9 ikibidi. Ukiitazama vizuri ile uliyoiita "Ukumbini", huenda ukakuta inaanza mchungaji akiwa katikati ya sentensi.

Kosa la tatu ndilo lililoleta NO DISC. Diski ya DVD ya video hutumia mfumo wa faili wa UDF toleo la 1.02 pamoja na ISO 9660 juu ya diski hiyo hiyo. Ukichagua itumike kama flashi, Windows huandika UDF 2.01, ambayo deki za zamani haziielewi hata kidogo.

AUDIO_TS iache kama ilivyo. Folda hiyo ilitengwa kwa ajili ya DVD za muziki za aina nyingine. Sauti ya harusi yako imeshachanganywa na picha ndani ya VOB. Usiifute pia, kwa kuwa zipo deki za zamani ambazo hukorofisha zisipoiona.

Itoe upya kazi yako kutoka DVDStyler bila kugusa jina lolote, fungua ImgBurn, programu ya kuchoma diski, chagua kuandika faili na folda kwenye diski, kisha uipe folda ya VIDEO_TS. Itatambua yenyewe kwamba ni DVD ya video na kurekebisha mfumo wa faili. Majina ya maharusi yaweke kwenye jina la diski, kwa herufi kubwa na mstari wa chini badala ya nafasi. "Kanisani" na "Ukumbini" viwe vitufe vya menyu, maana hapo ndipo mzee atakapoviona. Diski ifungwe mwishoni (finalize, yaani isiongezwe kitu tena), na kasi ya kuchoma isizidi 8x.

baharini_linux

Naongezea kwa wanaotumia Linux. K3b, programu ya kuchoma diski, ina mradi wake maalumu wa DVD ya video, tofauti na ule wa data, na watu wengi huukosa. Kwa amri, huwa natumia `genisoimage -dvd-video -V HARUSI -o harusi.iso folda`, ambapo "folda" ni ile iliyobeba VIDEO_TS ndani yake. Hicho kipande cha `-dvd-video` ndicho hupanga faili ili zikae kwenye sekta zile zile zilizotajwa ndani ya IFO. Baada ya hapo nachoma kwa `growisofs -dvd-compat -Z /dev/sr0=harusi.iso`. Tafadhali msiiburute faili ya .iso, ambayo ni nakala ya diski nzima katika faili moja, kwenye diski kama picha za kawaida. Nimeletewa diski za namna hiyo zaidi ya mara moja.

studio_pwani

Nakubaliana na waliotangulia, ila nisingeharakisha kuziondolea lawama diski zenyewe. Kwa kazi ya mteja nanunua DVD-R, kwa sababu uzoefu wangu ni kwamba deki kuukuu huzipokea kwa urahisi zaidi kuliko DVD+R. Aliyebaki na DVD+R anaweza kuiagiza draivu, kama inaruhusu, iipe diski utambulisho wa DVD-ROM kabla ya kuchoma. Zile za kuandikwa na kufutwa ziache kabisa: uso wake hurudisha mwanga kidogo, na lenzi iliyochoka haioni kitu.

Angalia pia ukubwa wa video. Diski ya GB 4.7 ikibeba saa mbili, wastani ni takribani megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja, na hapo hakuna deki itakayolalamika. Kanuni za DVD ya video zinaruhusu hadi megabiti 10.08, lakini kwa diski ya kuchomwa mimi sivuki 8 hata kama harusi ni fupi. Na ikiwa miongoni mwa nakala 6 ipo inayokwenda kwa ndugu aliyeko Marekani, itengenezee NTSC, mfumo wa video wa huko, ya 720 kwa 480, kwa kuwa deki nyingi za huko hazichezi PAL yetu ya 720 kwa 576.

mpigavideo_moro

Nawashukuru sana. Nimechoma upya kwa ImgBurn, kwenye DVD-R, kwa 4x. Deki iliyokuwa ikiandika NO DISC sasa inafungua menyu moja kwa moja, na ile nyingine pia inacheza. Limebaki jambo moja: kwa mteja wa tatu filamu inaanza vizuri, lakini baada ya saa moja na robo picha inakwama, inavunjika vipande vipande, kisha deki inarudi kwenye menyu. Nimejaribu nakala mbili na zote zinakwama karibu na hapo hapo.

fundi_deki

Umebandika karatasi yenye picha ya maharusi juu ya diski? Data huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na karatasi isipokaa sawasawa diski huyumba, zaidi upande wa ukingoni, ambako ndiko ilipo sehemu ya mwisho ya filamu. Usijaribu kuibandua, unaweza kuiharibu diski. Choma nyingine isiyo na karatasi ujaribu kwenye deki ile ile.

mpigavideo_moro

Ni kweli, zote 6 nilizibandika. Jana nimepeleka nakala isiyo na karatasi, nikaandika majina kwa kalamu ya CD, tukakaa na mzee sebuleni hadi keki ikakatwa na wageni wakaaga. Haikukwama hata mara moja. Zile tano zilizobaki nazichoma leo usiku, na ile picha ya maharusi nitaiweka kwenye kasha.