Ndoo ya mahindi ni kosa, ekari ya tanipu ni ruksa: sheria hii inamlinda kulungu au mwenye shamba?

Mzee wa Dungu
Wakuu, heshima mbele. Niko Marekani, jimbo la Michigan, peninsula ya chini, na hoja ni ya huku, wa nyumbani mtanivumilia. Tangu mwisho wa Januari 2019 ni marufuku kumwaga chambo cha kulungu eneo hili. Mahindi, karoti, matufaha, hata kama humpigi risasi, unamwagia nyuma ya nyumba umtazame dirishani na wanao, kosa. Sababu ni CWD, ule ugonjwa unaomkondesha kulungu mpaka anabaki mifupa na udenda. Wakirundikana kwenye chakula kimoja wanaambukizana. Bunge la jimbo likataka kuirudisha ndoo, Gavana Whitmer akaupigia veto muswada 2020. Yote nimekubali.

Lakini jirani yangu ana ekari 80 na trekta. Analima ekari mbili za tanipu na klova katikati ya miti, anasimika dungu pembeni, na tarehe 15 Novemba msimu wa bunduki unapofunguliwa kulungu wako mezani kwake kabla jua halijatoka. Halali kabisa. Mimi ninayewinda msitu wa umma nikidondosha matufaha matatu ni mhalifu. Sasa hii ni sheria ya magonjwa au ni sheria ya wenye ardhi?

Klova Kwanza
Mzee, unaongea kama vile shamba linajiotea. Mwezi wa tatu, ardhi inaganda usiku na kuyeyuka mchana, natembea na mashine ya kifuani narusha mbegu za klova ili ile mipasuko ya udongo izimeze. Mei napima udongo. Wangu ulikuwa na pH tano na kitu, hapo umwage mbolea ya dunia nzima, klova haishiki. Chokaa ya kilimo ni tani, si mifuko, na inakaa miezi ndipo ifanye kazi. Mwisho wa Julai hadi katikati ya Agosti ni tanipu, ukipitisha hapo umechelewa. Septemba ngano ya baridi. Yote hayo baada ya zamu kazini. Wewe ndoo unamwaga dakika mbili, unarudi kulala.

Na tofauti ya ugonjwa ipo. Lundo la mahindi ni midomo ishirini mahali pamoja, kila siku palepale. Shambani kila mmoja anang'ata jani lake na kusogea.

Ngurumo
Ngoja nielewe. Mtu anatia chokaa, anapiga dawa ya magugu, anamlisha mnyama miezi minane, halafu anampiga risasi akiwa anatafuna? Huyo ni ng'ombe asiye na hereni tu, uwindaji uko wapi? Haya ndiyo mambo ya wabeba boksi wakishapata kiwanja.

Klova Kwanza
Boksi nimebeba na bado nabeba, sioni aibu. Hizo boksi ndizo zilizonunua ekari zangu. Wewe unayecheka, hicho kiwanja chako cha ishirini kwa ishirini umeshamaliza kukilipia au dalali bado anakutafuta?

Ngurumo
Umeumia. Nimesema wabeba boksi, sikukutaja jina.

Mama Nasra
Klova usimjibu huyo. Wanaoita watu wabeba boksi ndio wa kwanza kutuma ujumbe saa sita usiku, "dada nimekwama kidogo".

Ngurumo
Mimi sijawahi kumwomba mtu. Ninachosema, ekari nzima imepandwa kwa ajili ya mnyama wa porini na mama yako kijijini analima nusu ekari kwa jembe la mkono. Hamwoni kitu hapo?

Binti Tunduru
Nami naona kitu, lakini si hicho. Huku kwetu hatuhitaji kumpandia mnyama, tembo anajihudumia. Baba yangu amelala kwenye dungu msimu mzima na debe la kugonga, na usiku mmoja aliopitiwa na usingizi wakaingia wakamaliza. Wamekanyaga hata yale ambayo hawakula. Ukienda kudai unaambiwa kifuta jasho, na chenyewe kina ukomo wa ekari tano, ujaze fomu, usubiri maofisa waje kuona mabua. Halafu nasoma huku mtu kajenga dungu ili mnyama AJE. Jamani.

Mzee wa Dungu
Pole sana binti, pole kwa baba. Lakini turudi kwenye hoja. Kwa nini ekari isihesabiwe kuwa ndoo kubwa?

Wa Eldoret
Sisi Kenya tulimaliza hii story 1977. Uwindaji ulipigwa marufuku, kwisha. Hakuna ndoo, hakuna ekari. Mnyama ni wa kuangaliwa.

Klova Kwanza
Na tangu 1977 wanyama wenu wameongezeka au wamepungua? Wataalamu wenu wenyewe walihesabu mpaka 2016 wakakuta wamepungua kwa zaidi ya nusu. Huku mwaka 1900 kulungu walikuwa wamebaki laki chache nchi nzima, leo wanakadiriwa milioni 30. Na waliolipa ni wawindaji. Kwa sheria ya 1937, kila bunduki ndefu na kila risasi inakatwa kodi ya asilimia 11 kwenda kwenye wanyamapori.

Wa Eldoret
Wamepungua kwa sababu ya ukame, nyua za waya, mifugo na watu kuongezeka. Usichanganye. Hata ungeruhusu bunduki, ng'ombe wangebaki palepale.

Klova Kwanza
Basi hata marufuku haikusaidia. Asante.

Wa Eldoret
Wee, umeskia nimesema hivyo?

Jirani Mwema
Tusigombane. Halafu huo ugonjwa si uliletwa na Wisconsin mwaka 2002? Wangefunga mpaka tu.

Damu Baridi
Kwa wasiosoma: ulionekana kwanza Colorado, 1967, kwa kulungu wa kufugwa kwenye kituo cha utafiti. Wisconsin 2002 ilikuwa mara ya kwanza kuonekana mashariki ya mto Mississippi. Michigan ilimpata mmoja kwenye zizi 2008, na wa porini 2015, wilaya ya Ingham. Hauletwi na bakteria wala virusi, ni protini iliyojikunja vibaya, inaitwa prioni. Kulungu anaitoa kwa mate, mkojo na kinyesi, inakaa kwenye udongo miaka. Maabara zimeonyesha hata mmea unaweza kuivuta na kuipandisha hadi kwenye jani. Kwa hiyo hoja ya "kila mmoja anang'ata jani lake" haina nguvu kama Klova anavyodhani. Shamba lilelile, kulungu walewale, mwaka baada ya mwaka, wanakula na kunya hapohapo.

Jirani Mwema
"Kwa wasiosoma" ilikuwa ya nini? Nimeuliza kwa adabu.

Mama Nasra
Huyu Damu Baridi kila anapoingia lazima atukane kwanza ndipo afundishe.

Damu Baridi
Nimeweka miaka minne na chanzo cha ugonjwa, mmeona neno moja.

Mzee wa Dungu
Mimi nimeona yote, mkuu. Hiyo ndiyo hoja yangu. Klova, jibu hapo.

Klova Kwanza
Nitajibu nikitoka kazini. Ila mjue hata bila shamba langu kulungu wanakula pamoja. Nenda shamba la soya la mkulima yeyote mwezi wa saba jioni, uhesabu. Tutapiga marufuku soya? Na nyama yangu napima. Napeleka kichwa, wanatoa tezi za koo, nasubiri majibu ndipo nile. Mpaka leo hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini sibahatishi. Majibu yakiwa safi paja moja linakwenda kwa wenzangu msikitini.

Abuu Salha
Msikitini? Hebu tusaidiane. Umempiga risasi, amekimbia, umefuata damu nusu saa, umemkuta amekwisha kufa. Umechinja saa ngapi?

Klova Kwanza
Nilitaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua.

Abuu Salha
Kwa risasi? Risasi inaua kwa kishindo. Hiyo ni kama aliyepigwa kwa gongo.

Mama Nasra
Abuu, hadithi ya Adi bin Hatim unaijua. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu chombo cha kuwindia, akasema kikipiga kwa ncha na kutoboa, kula, kikipiga kwa ubavu, usile. Risasi inatoboa. Wanazuoni wengi wa siku hizi wameiruhusu kwa hoja hiyohiyo. Ukimkuta bado ana uhai, hapo ndipo huna ruhusa ya kusimama unamtazama, lazima uchinje.

Abuu Salha
Wengi si wote. Na wale waliopewa paja waliambiwa amekufaje?

Klova Kwanza
Waliambiwa. Imamu mwenyewe aliomba mgongo.

Ngurumo
😂😂 Imamu aliomba mgongo. Nimekusamehe yote.

Fundi Chuma
Niko Texas, nawashangaa. Huku kwenye ardhi binafsi unatundika pipa la mahindi lenye saa, linamwaga asubuhi na jioni, kulungu wanajua muda kuliko wafanyakazi wa serikali. Hakuna anayekukamata. Kwa hiyo Mzee wa Dungu hamia.

Mzee wa Dungu
Texas karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, nikihamia nitawinda wapi, kwenye maegesho ya magari? Unanithibitishia hoja. Kila jimbo linaandika sheria yake, na kila moja ukiichungulia, asiye na ardhi ndiye anayebaki nje. Wanasema kulungu ni mali ya umma, hata hairuhusiwi kuuza nyama yake ukishamwinda. Sawa, ni wa umma. Lakini akishalishwa miezi minane kwa jirani, hatoki. Ni wa umma kwenye karatasi.

Binti Tunduru
Na tembo wetu ni wa umma vilevile. Wa umma akishakula, na wa mtalii akishapigwa picha.

Klova Kwanza
Nimetoka kazini. Mzee, hoja ya kwamba kulungu hatoki si kweli. Nina vizimba vya waya nimevisimika shambani, upana wa meza, kulungu hawafikii ndani. Ndani tanipu zimefika magotini, nje zimebaki vishina. Wanakuja usiku, wanakula, mchana wako kwa wengine. Wa kwangu mkubwa wa mwaka juzi alipigwa na mtu kwenye msitu wa umma, kilomita kama mbili kutoka kwangu. Amekula chokaa yangu yote na sikumpata hata kumgusa pembe. Kwa hiyo nakulisha na wewe, hujui tu.

Mzee wa Dungu
Hapo umenijibu nusu. Ya prioni kwenye udongo hujaigusa.

Klova Kwanza
Na wewe hujasema msitu wa umma una ekari ngapi za kuwinda bila kulima hata mstari. Halafu jimbo lina mpango wa kuwalipa wenye mashamba wafungue ardhi yao kwa wawindaji, upo tangu miaka ya sabini. Umewahi kugonga mlango wa yeyote?

Mzee wa Dungu
Unajua mtu mwenye sura kama yangu akigonga mlango shambani mwezi wa kumi, amevaa nguo za kuwindia, inakuwaje? Tuliache.

Mama Nasra
Hapo kweli tuliache.

Damu Baridi
Msiliache, hilo ndilo la maana kuliko yote mliyosema tangu mwanzo.

Jirani Mwema
Sasa leo Damu Baridi ndiye anatuambia la maana ni lipi.

Kijana wa Makambako
Wakuu samahani, nimesoma juujuu. Hiyo kazi ya kupanda tanipu wanatoa viza? Mimi kulima najua, nimezaliwa shambani.

Klova Kwanza
Dogo, viza ya kilimo cha msimu ipo, H-2A, lakini anayeomba ni mwajiri, wewe huombi. Na hakuna anayeajiri mtu kupanda chakula cha kulungu, tunajipandia wenyewe wikiendi. Ukiona mtu anakutoza hela akuunganishe, mkimbie.

Ngurumo
Dogo, wewe baki Makambako upande viazi. Huko wanalima kwa hasara makusudi.