Mkandarasi wa mgodini kaniita nikaendeshe lori chini ya ardhi. Niache semi?

Mzee wa Kitonga
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 34, semi nimeisukuma miaka minane, Dar–Tunduma. Nimeitwa na mkandarasi mmoja Kanda ya Ziwa, siyo kampuni yenye mgodi, ni wale wanaochimba kwa niaba yake. Mkataba miaka 2, shifti ya saa 12, wiki mbili kazini na moja nyumbani. Jumla 1,850,000, ila basic (mshahara wa msingi) ni 900,000, nyingine ni posho. Vipimo vya afya ni Alhamisi, Mwanza. Mke ana mimba ya miezi sita na ameshaanza kuniita "mgodini". Mliopita huko, nipeni ukweli.

Kijana wa Bahasha
Chukua mkuu. Wengine bahasha za CV zimechakaa mkononi.

Bogaman
Mdogo wangu, mimi nimeendesha boga miaka tisa. Boga ndilo linalokomba mawe baada ya kulipua na kukujazia wewe lori. Dereva wake anakaa ubavu, ndiyo maana shingo yangu hadi leo inageukia upande mmoja vizuri kuliko mwingine.

Kuendesha utaweza. Malori kama AD60 yanabeba tani 60, na njia ya kushukia kwa kawaida inashuka mita 1 kila mita 7. Mlima Kitonga wa barabara yako unaupanda mara moja unausahau. Huku ni Kitonga shifti nzima, gizani, na joto lake.

Kuhusu hela: usihesabu hiyo jumla. Ovataimu kisheria inapigwa kwenye basic. Gawanya 900,000 kwa 195 upate ya saa, zidisha kwa moja na nusu: kama 6,900. Basic ingekuwa 1,300,000 ungepata 10,000 kwa saa ileile. Ukipunguzwa kazini pia, kiinua mgongo ni basic ya siku 7 kwa kila mwaka uliotimia. Kwa hiyo kabla ya kusaini omba posho ziingizwe kwenye basic hata kidogo. Watakataa, lakini omba.

Ila nilichotaka kukwambia siyo hicho. Kwenye ile miaka tisa nimebadilisha ovaroli mara tatu. Tenda inaisha, anakuja mkandarasi mwingine, tunapangwa foleni tunaajiriwa upya, boga lilelile, kiti kilekile kilichochanika. Miaka yako ya kazi inaanza sifuri. Hilo nililizoea. Sasa nyumbani mama watoto akawa ananiita siitikii, akadhani nimemnunia. Kumbe akiwa kushoto kwangu simsikii. Siku ya kuondoka nikapimwa, sikio la kushoto limekwisha. Nikaanza kufuatilia fidia, nikaulizwa: ulipoingia lilikuwaje? Kipimo cha kuingia nilipimwa kweli, kwa yule mkandarasi wa kwanza. Aliondoka na mafaili yake, na mimi sikuwahi kuomba nakala. Madai yakaishia hapo.

Alhamisi usitoke pale bila karatasi ya kipimo cha masikio. Ipige picha, mtumie mkeo.

Nesi wa Zamu
Bogaman, pole sana. Nimefanya zahanati ya mgodini, hiyo nimeiona zaidi ya mara moja.

Kaka Kitonga, niongeze moja. Usije kupimwa umetoka barabarani usiku kucha. Sikio lililochoshwa na injini linaonyesha ubovu ambao si wa kudumu, na wewe ndiye utakayeandikwa hivyo. Angalau saa 16 kaa mbali na kelele. Disko, vipokea sauti masikioni, hapana. Kipimo cha mapafu nacho na picha ya kifua, omba nakala. Wakikwambia ni mali ya kampuni, waambie kwa upole kwamba masikio ni yako.

Mzee wa Kitonga
Dada Nesi umenitia hofu. Mimi naendesha dirisha wazi njia nzima, upande wa kulia, na mke kila siku anagombana na mimi juu ya sauti ya TV. Wakinikuta tayari nimeharibika, si wananinyima kazi?

Nesi wa Zamu
Inategemea limeharibika kiasi gani, wengi hupita. Ukinyimwa, ujue ungeshuka shimoni na sikio moja, na huko ving'ora na honi ya lori linalorudi nyuma ndivyo vinavyokuokoa. Usidanganye kwenye fomu.

Bogaman
Sikiliza nesi.

Mzee wa Kitonga
Sawa. Leo namkabidhi bosi funguo, naomba siku nne. Nitalala kwa mjomba Igoma kuanzia Jumanne, nipumzishe masikio.

Bogaman
Igoma? Na zile spika za stendi? Pitiliza hadi Kisesa.